Somo la Wiki: Kituo Ni Mahali pa Kutua



Wiki hii somo letu ni la treni. Tutaanza na neno moja: kituo. Neno hili limetokana na kitenzi kutua. Ndege anatua mtini. Mama anatua ndoo kutoka kichwani. Kutoka hapo tumepata pia tulia, tuliza na utulivu. Basi kituo si mahali pa gari kusimama tu, ni mahali mtu anapotua, yeye na mzigo wake. Shikeni maana hiyo, tutairudia.

Maneno ya leo

Reli: njia ya chuma ya treni.
Kichwa cha treni: sehemu inayovuta.
Behewa (mabehewa): chumba cha abiria au mizigo.
Jukwaa: mahali pa kusubiri kando ya reli.
Mpagazi (wapagazi): mtu anayebeba mizigo ya wasafiri.
Gari moshi: jina la zamani la treni. Bibi zenu wanalijua, ingawa treni nyingi za sasa hazina moshi.

Stesheni yetu ya Saint Paul

Wengi wenu mmepita Union Depot, lile jengo lenye nguzo kubwa mbele, katikati ya Saint Paul. Ilijengwa kuanzia 1917, ikakamilika 1923. Wakati huo treni za kampuni mbalimbali zilikutana hapo. Wapagazi walivaa kofia nyekundu, na wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi.

Baadaye watu walinunua magari na kupanda ndege. Mwaka 1971 treni za abiria ziliacha kufika. Jengo halikubomolewa, lakini stesheni bila abiria ni ukumbi tu. Mwaka 2011 Kaunti ya Ramsey ilianza kulikarabati, na kazi ikamalizika mwishoni mwa 2012 kwa gharama ya dola milioni 243. Mei 2014 treni ya masafa marefu, Empire Builder, ilirudi. Mwezi uliofuata Green Line ikaanza safari za kwenda Minneapolis. Tangu Mei 2024 kuna pia Borealis ya kwenda Chicago.

Vituo vitatu

Sasa sikilizeni sehemu ninayotaka mkae nayo. Green Line inapita University Avenue, karibu na Rondo, mtaa wa Wamarekani Weusi uliokatwa katikati na barabara kuu ya I-94 miaka ya 1950 na 1960. Katika mpango wa kwanza, eneo hilo la mashariki lilipewa vituo vilivyoachana kama maili moja. Treni ingepita mbele ya milango ya watu bila kusimama. Wakazi walikataa. Walihudhuria mikutano, wakasema, wakarudi tena kusema. Mwaka 2010 vikaongezwa vituo vitatu: Western, Victoria na Hamline.

Mnaweza kusema nusu maili ni kitu gani. Mimi ni nesi, naona magoti ya watu kila siku. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Dodoma, ilikuwa Januari na goti lake lilikuwa limevimba. Tulishuka Victoria. Kutoka hapo hadi nyumbani alipumzika mara mbili, huku barafu ikilia chini ya viatu. Kama tungeshukia Lexington au Dale, asingefika kwa miguu yake. Aliniuliza nani aliweka kituo mahali pazuri hivyo. Nikamwambia, "Majirani, mama."

Nyumbani pia mambo yanabadilika. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiozidi saa nne. Safari ya treni ya zamani ilikula usiku mzima. Mama ameipanda na ameisifu sana. Kisha akaongeza: "Lakini ukishuka, bado utafute bodaboda." Mnaona? Mama anapima treni kwa mahali anapotua.

Sarufi kidogo

Kituo ni ngeli ya KI-VI: kituo kimefunguliwa, vituo vimefunguliwa.
Stesheni ni ngeli ya I-ZI: stesheni imekarabatiwa, stesheni zimekarabatiwa.
Msiseme "stesheni kimefungwa". Nimelisikia darasani, na sitataja jina!

Jazeni nafasi:
1. Vituo vitatu ___liongezwa mwaka 2010.
2. Stesheni ya Saint Paul ___likamilika mwaka 1923.
3. Kituo cha Victoria ___ko karibu na nyumbani.

Kazi ya nyumbani

Mpigieni simu mzee mmoja wa ukoo wenu, awe Tabora, Kisumu, Kalemie au hapa hapa Brooklyn Park. Muulizeni: "Shikamoo. Safari yako ya kwanza ya treni ulishuka kituo gani, na nani alikuja kukupokea?" Andikeni sentensi tano kwa maneno yake mwenyewe, hata kama anasema tofauti na kitabu. Msingoje likizo. Baba yangu alisafiri sana kwa gari moshi, na mimi sikumuuliza hata mara moja.

Tutasomeana Jumamosi. Wazazi, tafadhali msiwaandikie.

Mwalimu wenu