Ukitaka Kusoma Riwaya Nzito za Anga na Falsafa

Watu wa Endarasha, hapa Kieni, wanaonunua vitabu vya kiada pekee huniuliza: riwaya hizi ni za nini hasa? Ni bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi: sayari nyingine, vyombo vya angani, miaka ijayo. Zikichanganywa na falsafa, zinauliza binadamu ni nani na nani ana haki ya kutawala.

Uanze na kitabu kipi? Anza na Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani ili aangamie, lakini anafika kwenye nchi inayoendeshwa kwa usawa. Kisha usome Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002). Nagona ya Kezilahabi (1990) iache kwanza. Ni kijitabu chembamba, lakini kigumu kupita vinene vingi.

Baadaye, kama Kiingereza hakikusumbui, jaribu Dune ya Frank Herbert, ya 1965. Hapa Kieni, ambako mvua ni ya kubahatisha na mgao wa maji huleta ugomvi, utaielewa haraka. Watu wa jangwa linalosimuliwa humo huvaa mavazi yanayokusanya jasho na unyevu wa pumzi, na kuvichuja viwe maji ya kunywa. Mwenye maji ndiye mwenye neno.

Je, ukipotea njiani? Utapotea tu. Majina ni mengi na mwandishi hana haraka ya kukueleza. Weka daftari: jina la mhusika, ni wa upande gani, anataka nini. Dune ina faharasa, yaani orodha ya maneno na maana zake, mwishoni. Weka kidole hapo. Usisimame kwa kila neno, maliza sura kwanza. Kuitazama filamu yake ya 2021 kabla ya kitabu si dhambi, kinyume na wasemavyo wajuaji.

Gharama je? Panda matatu hadi Nyeri kupitia Mweiga, uingie maktaba ya umma ukiwa na kitambulisho. Uliza ada ya uanachama na muda wa kukaa na kitabu. Kama hakipo, changeni watu watano mnunue nakala moja mjini, msome kwa zamu, mkutane baada ya kila sura chache. Mabishano ndiyo utamu wenyewe.

Cha maktaba kirudishe kwa tarehe uliyopewa. Kuna mwenzako anakingoja.