Alama za Hatari ya Urithi na Mwenendo wa Binadamu

Mwanafunzi wa baiolojia anafahamu kwamba baadhi ya maradhi, kama vile selimundu, hutokana na hitilafu ya jeni moja. Maradhi ya mishipa ya moyo kwa kawaida sivyo yalivyo. Tofauti nyingi za urithi huchangia, kila moja kwa kiasi kidogo. Wataalamu hujumlisha michango hiyo na kupata alama ya hatari. Alama haitabiri kwamba mtu ataugua; hukadiria tu uwezekano wake ukilinganishwa na wa wengine.

Je, mtu akielezwa alama yake, atabadili mwenendo?

Mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu watu 203 wenye umri wa miaka 45 hadi 65. Kundi moja lilielezwa hatari ya moyo kwa vipimo vya kawaida. La pili liliongezewa alama ya urithi. Baada ya miezi 6, kolesteroli mbaya katika kundi la pili ilikuwa wastani wa miligramu 96.5 kwa desilita, na katika la kwanza 105.9. Sababu ilikuwa dawa: asilimia 39 ya kundi la pili walianza kumeza statini, dhidi ya asilimia 22. Ulaji wa mafuta na mazoezi ya mwili havikutofautiana. Yaonekana kidonge huanzwa kwa wepesi kuliko tabia mpya.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jambo la kushangaza zaidi. Washiriki walipewa matokeo ya jeni yaliyopangwa kwa bahati nasibu, bila kujali jeni zao halisi. Walioambiwa kwamba urithi wao haufai kwa mazoezi walichoka mapema, na hata uwezo wa mapafu yao ulipungua. Baadaye walielezwa ukweli.

Kwa hiyo taarifa yenyewe ina nguvu mwilini, nayo yapasa kutolewa kwa uangalifu. Uangalifu huo watuhusu hasa sisi Waafrika: alama nyingi zimekokotolewa kutokana na watu wenye asili ya Ulaya, na usahihi wake kwetu ni mdogo.

Zoezi: Kwa nini watafiti wa Stanford hawakutumia matokeo halisi ya kila mshiriki?