Tumbo Limejaa, Mwili Una Njaa

Mgeni afikaye Buhembe na kuona migomba imezizunguka nyumba atasema: hapa hapana njaa. Nasi twapenda kusadiki hivyo. Lakini na tuitazame sahani ya kijana.

Ndizi humpa mtu nguvu ya kazi, wala hatuidharau. Ila protini yake ni kidogo, na madini ya chuma ni haba. Wazee wetu walipanda maharagwe kibanjani chini ya migomba, wakavipika vyote katika chungu kimoja. Kila kimoja kikaujaza upungufu wa mwenzake.

Bei zipandapo, kama zilivyopanda duniani mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya nafaka, mafuta na mbolea, mama hapunguzi ndizi za shambani. Hupunguza anunuavyo: maharagwe, dagaa, maziwa, mayai. Chungu chajaa vile vile, wala hakuna aliaye njaa. Hasara huonekana baadaye, kwa mtoto aliyedumaa na kwa msichana achokaye darasani kwa upungufu wa damu. Msichana huyo akiwa mama kabla damu yake haijatengemaa, mtoto wake huenda akazaliwa na uzito mdogo. Hivyo bei ya sokoni leo yaweza kulipwa na mtu asiyezaliwa bado.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na Kagera, mkoa wenye chakula, umehesabiwa mara nyingi miongoni mwa mikoa yenye udumavu mwingi.

Basi tufanye nini? Kushusha bei hatuwezi. Kuchagua cha kupunguza twaweza. Fedha ikipungua, zitangulie kupunguzwa soda, sukari na maandazi. Maharagwe na dagaa viwe vya mwisho. Mchicha na maboga vipandwe karibu na jiko, majani yake yawe mboga. Mapera yaliwe pamoja na chakula, kwa maana husaidia mwili kupokea chuma cha maharagwe. Chai hukizuia, kwa hiyo inywewe baadaye. Tena kitoweo kigawiwapo, msichana asikumbukwe mwisho.

Wazazi wapenzi, tusiulize tu kama watoto wameshiba. Tuulize wameshiba nini.