Taa za Maboya kwa Uvuvi wa Dagaa: Jinsi ya Kuchagua na Kulipia

Shabaha ya somo: Kumwezesha katibu na wanachama wa chama cha ushirika cha wavuvi kupima gharama halisi ya taa kabla ya kununua, na kukubaliana mapema nani atailipia na nani atafaidika.

1. Taa ni zana ya kuvulia

Uvuvi wa dagaa hufanyika gizani. Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao upande wa Kenya huitwa omena na upande wa Uganda mukene, huvutwa na mwanga. Na dagaa wa Ziwa Tanganyika ni hivyo hivyo. Katika Ziwa Viktoria taa huwekwa juu ya maboya, nayo maboya hufungwa kamba na kuachwa yaelee mbali na mtumbwi. Samaki wakisha kukusanyika chini ya mwanga, wavuvi huvuta boya polepole na kuwazungushia wavu. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu na kazi husimama mpaka giza lirudi.

Kwa hiyo taa ni zana ya kuvulia sawa na wavu. Taa ikizimika usiku wa manane, samaki hutawanyika, na kazi ya saa nyingi hupotea.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai kubwa yenye tangi la lita 1 huwaka kwa muda wa saa 8 hivi, kisha huhitaji kujazwa tena. Mvuvi hununua pia tambi na vioo vinavyovunjika kwa mawimbi na mvua. Nayo mafuta ya taa yamepandishwa bei kwa sababu zisizohusu uvuvi. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania iliongeza sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli. Kenya nayo, mwaka 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita kwa sababu hiyo hiyo. Mzigo huo ulimwangukia pia mvuvi wa dagaa. Ndiyo maana taa za LED, zinazotumia betri na nguvu za jua, zimeenea katika mialo mingi.

2. Hesabu ya usiku mmoja

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei za dukani peke yake. Kipimo kilicho sahihi ni gharama ya usiku mmoja wa kuvua. Mfano ufuatao ni wa kujifunzia tu; kila katibu aweke bei za mahali pake.

Mtumbwi mmoja una maboya 4 na huvua usiku 20 kwa mwezi.

(a) Karabai. Kila taa hutumia lita 1 kwa usiku, yaani lita 80 kwa mwezi. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, mafuta ni shilingi 240,000. Tambi na vioo ni shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 260,000 kwa mwezi, au shilingi 13,000 kwa usiku.

(b) Taa za LED za bei ya chini. Taa 4 kwa shilingi 90,000 kila moja ni shilingi 360,000. Zikidumu miezi 3 tu, ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Ongeza shilingi 40,000 za matengenezo na ulinzi: jumla ni shilingi 160,000, au shilingi 8,000 kwa usiku.

(c) Taa za LED zilizo imara, pamoja na betri, paneli ya jua na boya. Seti 4 kwa shilingi 350,000 kila moja ni shilingi 1,400,000. Zikidumu miezi 24, ni shilingi 58,333 kwa mwezi. Ongeza shilingi 40,000 za matengenezo na ulinzi: jumla ni shilingi 98,333, chini kidogo ya shilingi 5,000 kwa usiku.

Taa iliyokuwa ya bei ya juu dukani imekuwa ya bei ya chini ziwani. Lakini hesabu (c) ni ya kweli iwapo tu taa itadumu miezi 24. Kwa hiyo muuzaji aulizwe muda wa dhamana, na jibu lake liandikwe kwenye stakabadhi.

3. Betri itoshe usiku mzima

Taa nyingi hulaumiwa kuwa mbovu kumbe betri ndiyo ndogo. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 50. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Lakini betri ya namna hiyo haifai kutumiwa zaidi ya nusu kila usiku, maana hufa upesi. Nusu yake ni wati-saa 42, nayo haitoshi. Betri ya ampea-saa 12 ina wati-saa 144, na nusu yake ni 72, hiyo inatosha. Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa zaidi ya nusu, na ni nyepesi, ila bei yake ni kubwa zaidi.

Kuijaza betri hiyo mchana, paneli ya wati 20 kwa kila taa inafaa, kwa kuwa saa 4 za jua kali hutoa wati-saa 80, na sehemu ya nguvu hizo hupotea njiani. Siku za mawingu lazima zifikiriwe pia.

4. Boya litengenezwe mwaloni

Si lazima boya linunuliwe pamoja na taa. Fremu ya mbao iliyofungwa madumu matupu yenye vifuniko vilivyozibwa barabara huelea vizuri. Dumu moja la lita 20 lina nguvu ya kuinua karibu kilo 20, ukitoa uzito wake lenyewe. Mambo manne yazingatiwe:

– Betri ikae chini kabisa katika fremu, ndani ya chombo kisichoingiza maji, ili uzito wake uzuie boya lisipinduke. Ikiwa bado linayumba, jiwe lifungwe chini.

– Taa iwekwe juu ya mti mfupi na kuelekezwa majini, mwanga usipotee angani.

– Maungio ya nyaya yafunikwe kwa mpira, na misumari iwe ya aina isiyoshika kutu.

– Kila boya liandikwe kwa rangi namba ya mtumbwi na jina la chama. Boya lililokatika kamba likiokotwa, lijulikane ni la nani.

Betri iliyokufa isitupwe ziwani wala mwaloni. Betri ya asidi ina risasi, ambayo ni sumu kwa watu na samaki. Irudishwe kwa wanunuzi wa betri chakavu, na fedha yake iingizwe katika hesabu.

5. Majaribio kabla ya manunuzi

Chama kisinunue taa za mitumbwi yote kwa mara moja. Zinunuliwe seti za mtumbwi mmoja au miwili, zijaribiwe kwa giza mbili. Mitumbwi miwili ivue usiku ule ule na sehemu ile ile, mmoja kwa karabai, mwingine kwa taa mpya. Kisha giza la pili wabadilishane taa. Bila ya kubadilishana, haitajulikana kama tofauti ililetwa na taa au na ustadi wa wavuvi.

Katibu afungue daftari lenye safu hizi: tarehe, mahali, idadi ya maboya, saa taa zilipowashwa, saa zilipofifia, ndoo za dagaa, na uharibifu uliotokea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Rangi ya mwanga nayo ijaribiwe. Katika maji maangavu, kama ya Ziwa Tanganyika, mwanga wa buluu hupenya mbali zaidi. Katika maji yenye ukijani au tope, mwanga wa kijani hadi manjano hupenya vizuri kuliko buluu. Lakini wanachama wasishindane kwa ukali wa taa. Mwanga hukusanya samaki waliopo; hauongezi samaki ziwani. Kabla ya kuagiza, Afisa Uvuvi aulizwe kanuni zinazohusu taa na ukubwa wa matundu ya nyavu, ili fedha za chama zisitumike kununua zana isiyoruhusiwa.

6. Nani alipe, nani afaidike

Hapa ndipo vyama vingi vinaweza kugawanyika. Katika mitumbwi mingi gharama za safari hutolewa kwanza katika mauzo. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi. Mafuta ya taa yalilipiwa na wote kwa njia hiyo. Taa mpya ikija, mafuta hayapo tena, bali kuna deni.

Ikiwa mwenye mtumbwi ataendelea kukata shilingi 260,000 kana kwamba karabai bado zinawaka, faida yote itakuwa yake, na mvuvi hataona sababu ya kuitunza taa. Ikiwa mwenye mtumbwi atanunua kwa fedha zake na asikate chochote, amebeba mzigo peke yake huku faida ikigawanywa kwa wote. Njia zote mbili huleta manung'uniko.

Njia ya haki ni kuandika mapatano kabla ya kununua. Kwa mfano ule ule, chama kimkopeshe mwenye mtumbwi shilingi 1,400,000 kwa miezi 10. Rejesho ni shilingi 140,000 kwa mwezi, na riba ya asilimia 1.5 ya mkopo wa awali ni shilingi 21,000. Jumla shilingi 161,000. Ukiongeza matengenezo na ulinzi, makato ni shilingi 201,000. Hiyo ni pungufu ya shilingi 59,000 kuliko gharama ya karabai; kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza kila mtu anapata zaidi kidogo. Deni likiisha, makato yashuke mpaka shilingi 140,000: shilingi 40,000 za matengenezo na ulinzi, na 100,000 za akiba. Katika miezi 14 iliyobaki akiba hiyo itafikia shilingi 1,400,000, na seti ya pili itanunuliwa bila mkopo. Mapatano yaseme pia taa ni mali ya nani deni linapokwisha, kwa kuwa wavuvi nao wamechangia.

Rejesho lipangwe kwa usiku wa kuvua, si kwa tarehe ya kalenda. Katika mfano huu ni shilingi 8,050 kwa kila usiku mtumbwi uliposhuka ziwani. Mbalamwezi, upepo na kufungwa kwa ziwa havina budi kufikiriwa. Mwaka 2024 upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mkopo usiotazamia jambo kama hilo humfunga mwanachama bila kosa lake.

7. Kununua au kukodi

Iko njia nyingine. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, kituo cha kujaza betri kwa nguvu za jua na kukodisha taa kwa wavuvi. Chama chenye mwalo wake kinaweza kuanzisha kituo cha namna hiyo: paneli na betri zikawa mali ya chama, naye mwanachama akalipia kila usiku. Faida yake ni kwamba mwanachama asiye na dhamana ya mkopo naye anapata taa. Hatari yake ni kwamba betri ikifa, hasara ni ya chama. Kwa hiyo ada iwe na sehemu ya akiba.

Ikiwa chama kitakopa nje ili kununua vifaa hivyo, kamati ihakikishe kwamba mkopo hauvuki ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Katika mwalo wenu, mtumbwi mmoja hutumia fedha kiasi gani kwa taa katika usiku mmoja? Onyesheni hesabu.

2. Taa ikipotea ziwani usiku wa dhoruba, nani ailipe? Taa ikipotea kwa uzembe, je?

3. Andikeni mapatano mafupi kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake juu ya makato ya taa, kabla na baada ya deni kwisha. Yasomwe mbele ya kikundi, na wavuvi wawe wa kwanza kutoa maoni.