SOMO LA MWEZI: MWIBA WA NYENGA NA MWIBA WA MGUNGA



Sisi wa Mpanda twaijua miiba ya mgunga tangu utoto, lakini nyenga wengi wetu hatujamwona. Huyu ni samaki wa jamii ya taa, bapa kama sinia, mwenye mkia mrefu kama mjeledi. Ziwa Tanganyika, pale Karema, halina samaki huyo; yeye ni wa baharini. Hata hivyo vijana wetu husafiri mpaka pwani kutafuta kazi na masomo. Yafaa wamjue.

Kwanza, silaha zao. Mwiba wa nyenga uko mkiani, una meno kama msumeno, tena una sumu. Hawindi kwa mwiba huo. Chakula chake ni kaa na kome. Hujifukia mchangani, na anayemkanyaga ndiye huchomwa. Basi atembeaye majini aburute miguu, ili samaki ashtuke na kuondoka. Mwiba wa mgunga hauna sumu. Kazi yake ni kulinda majani. Twiga wa Katavi huyala vilevile kwa ulimi wake mrefu, lakini miiba humfanya ale polepole, na mti hubaki hai.

Pili, matibabu. Aliyechomwa nyenga atie jeraha katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, yasiyounguza, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kwa maana joto huharibu sumu. Kisha apelekwe hospitali. Mwiba ulioingia kifuani au tumboni usichomolewe nyumbani. Aliyechomwa na mgunga autoe mwiba, aoshe kwa maji safi na sabuni. Ukizama sana, aende zahanati aulize habari za chanjo ya pepopunda. Tusidharau kidonda kidogo, pepopunda huua.

Tatu, faida. Maua ya migunga huwalisha nyuki, na kivuli chake twakijua. Lakini twaikata kwa mkaa kuliko tunavyopanda. Nyenga naye huzaa watoto wachache, hivyo akivuliwa mno hupungua upesi.

Tukumbuke ya kuwa Sanduku la Agano lilitengenezwa kwa mti wa mshita, ndugu yake mgunga (Kutoka 25:10). Mti wa miiba haukukataliwa.

Maswali ya kujadili:
1. Je, watoto wetu huenda porini wamevaa viatu?
2. Mwaka huu tumekata migunga mingapi, na tumepanda mingapi?