Kung'arisha ni kukwangua: namna ya kutengeneza dawa ya rimu, bampa na tenki

Paka dawa ya kung'arishia kwenye rimu ya alumini isiyo na rangi, sugua kidogo, kisha tazama kitambaa. Kimekuwa cheusi tititi. Wengi hufurahi hapo, wakidhani uchafu umetoka. Lakini uchafu ulishatoka ulipoosha kwa sabuni. Hicho cheusi ni alumini yenyewe, imekwanguliwa kwa chembe ndogo mno. Sugua tena kesho, kitambaa kitakuwa cheusi vilevile.

Ndiyo maana naanza na onyo hili kabla ya kutaja kipimo chochote: kila mng'aro unalipiwa kwa chuma. Anayetengeneza dawa ya kung'arisha anaamua akwangue kiasi gani, kwa unga gani, juu ya chuma kipi. Akiamua vizuri, lori la miaka kumi linaweza kung'aa. Akiamua vibaya, hasara haifutiki. Nimeona tenki la dizeli la alumini likigeuka jeupe kama jivu kwa dakika chache, kwa sababu utingo alimwagia asidi iliyouzwa kwenye dumu lisilo na lebo. Tenki lile lilipigwa msasa siku mbili nzima na halikurudi lilivyokuwa.

Kwanza jua ni chuma gani

*Kromu.* Tabaka la kromu kwenye bampa au grili ni jembamba sana. Kwa kawaida halifiki hata maikromita 1, ilhali unywele wa kichwa una maikromita zipatazo 70. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli kuna chuma au plastiki. Kromu ni ngumu, takribani 8.5 kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10, lakini ikishakwanguka haioti tena. Vidoa vya kutu unavyoviona juu yake vinatoka kwenye chuma cha ndani kupitia vitundu vidogo. Dawa itaifuta kutu ya juu, ila tundu haiwezi kuliziba.

*Alumini.* Ni laini, kama 2.75 kwenye kipimo hichohicho. Hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo hubaki salama pH ikiwa kati ya 4 na 8.5 hivi. Nje ya hapo inaliwa. Kwa hiyo asidi kali ni adui, na vilevile kostiki soda, maji ya jivu na chokaa ya kupaka nyumba. Ndimu na jivu vilivyong'arisha sinia za shaba za bibi zetu visihamishiwe kwenye rimu.

*Chuma cha pua.* Hiki huvumilia zaidi. Sugua kwa kufuata mistari yake ya asili, usiikate. Stilwaya ya masufuria usiipeleke kwenye chuma cha pua wala kwenye alumini: huacha vipande vidogo vya chuma ambavyo baada ya siku chache hupata kutu, nawe utadhani rimu ndiyo inayooza.

*Rimu zenye klia.* Rimu nyingi za kiwandani zimepakwa vanishi angavu ambayo mafundi rangi huiita klia. Hapo hung'arishi chuma, unakwaruza vanishi. Jaribu sehemu iliyojificha: kitambaa kikiwa cheusi, chuma kiko wazi, kikibaki na rangi ya dawa yako tu, kuna klia. Rimu hiyo ioshwe kwa sabuni ya maji na kupakwa nta, basi.

Unga ndio moyo wa dawa

Vitu vingine vyote kwenye chupa vinaubeba unga. Unga ndio unaofanya kazi, na kanuni yake ni moja: chagua ulio laini kuliko yote unaoweza kumaliza kazi.

Kwa kromu na kwa matunzo ya kawaida tumia kabonati ya kalsiamu, ule unga mweupe wanaoutumia watengenezaji wa rangi za nyumba. Ugumu wake ni 3 tu. Kwa alumini iliyochakaa na kwa chuma cha pua, badilisha nusu ya unga huo kwa oksidi ya alumini iliyosagwa laini sana, isiyozidi maikromita 5. Oksidi hiyo ina ugumu wa 9, kwa hiyo usiipeleke kwenye kromu. Katikati yao kuna diatomiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na magamba ya mimea midogo mno ya majini, kama ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, Kenya. Chembe zake zina vitundu na huvunjika zikikandamizwa, hivyo zinaanza kwa nguvu na kumalizia kwa upole. Vumbi lake ni baya kwa mapafu. Vaa barakoa unapolipima.

Usiuamini unga kwa weupe wake. Ufanyie majaribio matatu:

1. *Siki.* Weka kijiko cha unga kwenye glasi, mimina siki. Kabonati ya kalsiamu hutoa povu na kuyeyuka ukiendelea kuongeza siki. Kinachobaki chini kikikwaruza vidole ni mchanga.
2. *Karatasi ya pH.* Koroga unga kidogo kwenye maji safi. Ikisoma 12 au zaidi, umeuziwa chokaa ya nyumba. Usiitumie, maana itaila alumini.
3. *Kioo.* Sugua unga wenye maji kati ya vipande viwili vya kioo. Kioo kina ugumu wa kama 5.5, hivyo kabonati haiwezi kukikwaruza. Ukiona mikwaruzo, kuna mchanga ndani. Jaribio hili si la oksidi ya alumini, kwani hiyo hukwaruza kioo hata ikiwa safi.

Unga ukiwa na chembe nene, zitenge kwa maji. Koroga gramu 100 za unga kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 10, kisha subiri dakika 5. Chembe kubwa huzama upesi kuliko ndogo, na kwa muda huo zile zinazozidi maikromita 20 zitakuwa zimefika chini. Mimina taratibu yale maji meupe ya juu kwenye chombo kingine, yaache yatulie usiku kucha, mwaga maji yaliyojichuja, kausha tope. Kazi hii inachosha, lakini chembe moja nene inatosha kuchora mstari usiofutika kwenye bampa.

Vipimo vya kilo moja

Tumia mizani ya jikoni, usikadirie kwa vikombe.

- Maji ya mvua: gramu 435
- CMC, unga uleule wa kufanya sabuni ya maji iwe nzito: gramu 5
- Trietanolamini, ambayo wauza kemikali huiita TEA: gramu 20
- Asidi ya oleiki: gramu 40
- Mafuta ya taa: gramu 250, yaani takribani mililita 310
- Unga wa kukwangulia: gramu 250

Kila kimoja kina sababu. Mafuta ya taa huyeyusha grisi na lami, na hulainisha mwendo wa kitambaa. Asidi ya oleiki ikikutana na TEA huwa sabuni laini, na sabuni hiyo ndiyo inayoyashika mafuta na maji yasitengane. CMC huuzuia unga usizame haraka. Nimetaja maji ya mvua kwa makusudi: maji ya kisima yenye chumvi huigandisha sabuni, kama vile sabuni isivyotoa povu ukifulia maji magumu, na chumvi ikibaki kwenye chuma huleta kutu.

Namna ya kuchanganya

Fanya kazi nje, kivulini, mbali na jiko na sigara. Njia hii haihitaji moto hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu nimeichagua. Wapo wanaotumia asidi ya stearik, ambayo ni ngumu na inataka joto la nyuzi 70 hivi kuyeyuka. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke unaowaka kuanzia nyuzi 38 hivi. Vitu hivyo viwili visikutane kwenye jiko la nyumbani.

1. Jioni, nyunyiza CMC kidogokidogo kwenye maji huku ukikoroga. Funika. Asubuhi itakuwa ute usio na madonge.
2. Vaa glavu. Mimina TEA kwenye ute huo, koroga.
3. Kwenye chombo cha pili changanya mafuta ya taa na asidi ya oleiki.
4. Mimina mchanganyiko wa mafuta ndani ya ute kwa uzi mwembamba huku ukikoroga kwa nguvu kwa mwiko. Mchanganyiko utageuka mweupe kama maziwa. Usitumie mashine ya umeme, cheche zake zinaweza kuwasha mvuke.
5. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja mpaka upate uji mzito usio na madonge.
6. Pima pH. Lenga 8 hadi 8.5. Ikizidi 9, ongeza matone ya asidi ya oleiki.
7. Acha siku nzima kabla ya kutumia.

Kesho yake itazame. Mafuta yakielea juu, uliyamimina haraka au hukukoroga vya kutosha. Unga ukiganda chini kama udongo, ongeza CMC kidogo kwenye mchanganyiko unaofuata. Dawa ikiwa na vipande kama maziwa yaliyochacha, shuku maji yako. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kwenye daftari. Ukibadilisha viwili, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Asiyepata TEA wala asidi ya oleiki aanze na njia nyepesi: unga wa kabonati, sabuni ya maji isiyo kali na maji, vikandwe viwe uji mzito. Hauyeyushi lami, lakini kromu ya kawaida utaing'arisha.

Namna ya kutumia

Osha gari kwanza, tena vizuri. Mchanga wa barabarani una ugumu wa 7. Ukisugua bila kuosha, mchanga ndio utakaokuwa dawa yako.

Chuma kiwe kimepoa na kiwe kivulini. Bampa lililokaa juani mchana huzidi nyuzi 38 kirahisi, na hapo dawa hukauka kabla haijafanya kazi huku mafuta ya taa yakitoa mvuke wa hatari.

Jaribu eneo dogo lililojificha. Paka kiasi cha punje ya mahindi kwa kila kiganja cha eneo, sugua kwa fulana kuukuu ya pamba dakika moja, futa kwa kitambaa kingine kikavu. Alumini yenye mikwaruzo mirefu haitaokolewa na dawa peke yake. Anza na msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ndipo upake dawa. Kutu juu ya kromu itoe kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Karatasi hiyo ni laini kuliko kromu, hivyo inafuta kutu bila kuichora.

Ukimaliza, osha mabaki kwa sabuni na maji baridi, kausha kabisa, paka nta nyembamba. Alumini iliyokwanguliwa iko uchi, na hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja haichelewi kuishambulia. Usipake nta kwenye ekzosi, itaungua na kuacha doa.

Usalama usiokwepeka

Petroli isichukue nafasi ya mafuta ya taa kamwe, kwa kuwa hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali. Usichanganye dawa yoyote ya kusafishia na jiki: ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Kaa mbali na dawa za rimu zenye asidi ya hidrofluoriki. Hupenya ngozi kimyakimya, na maumivu yanaweza kuchelewa wakati madhara yameshaingia ndani.

Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke, visirundikwe pembeni mwa gereji.

La mwisho ni zito kuliko yote: usiweke dawa hii wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hunywa anachokitambua kwa chupa. Akinywa mafuta ya taa usimlazimishe kutapika, maana yakiingia mapafuni ndiyo yanayoua. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uibebe.

Tengeneza kidogo, cha kumaliza ndani ya mwezi au miwili, kwa sababu CMC huoza. Ukitaka kuuza, andika yaliyomo na tarehe kwenye lebo. Tanzania utapitia shirika la viwango, TBS, na Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya utapitia shirika la viwango la huko, KEBS.

Kisha rudi kwenye kitambaa. Osha gari kila wiki, ila dawa hii itoe mara chache tu kwa mwaka, na unaposugua acha mara uso wako unapoonekana kwenye chuma. Baada ya hapo kitambaa kitaendelea kuwa cheusi, lakini mng'aro hautaongezeka tena. Kitakachopungua ni rimu.