Kani na Mjibizo Wake: Somo kwa Watumiaji wa Barabara

Mengi ambayo sheria ya barabarani huyaamuru, maumbile nayo huyathibitisha. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza alichapisha kanuni tatu za mwendo. Ya tatu yasema kwamba kitu kimoja kikisukuma kingine, hicho cha pili nacho hukisukuma cha kwanza kwa kani iliyo sawa, kuelekea upande wa kinyume.

Atembeaye kwa miguu huisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi humsukuma mbele. Tairi hufanya vivyo hivyo kwa msaada wa msuguano. Mvua inyeshapo, msuguano hupungua. Tairi haliwezi tena kuisukuma barabara kama awali, na breki hukawia kusimamisha chombo.

Wengi hudhani kwamba lori likigongana na pikipiki, lori ndilo lisukumalo kwa kani kubwa zaidi. Sivyo. Kani hizo ni sawa. Kinachotofautiana ni uzito wa vinavyosukumwa. Tuchukue lori la kilo 10,000, na pikipiki ambayo pamoja na mwendeshaji wake ina kilo 200. Mgongano ukipunguza mwendo wa lori kwa kilomita 1 kwa saa, mwendo wa pikipiki hubadilika kwa kilomita 50 kwa saa, papo hapo. Dereva wa lori huenda asihisi ila mtikisiko, ilhali mwenzake amepoteza maisha.

Tumwangalie pia mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa garini. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga kizuizi na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, anayempakata atahitaji kani inayotosha kuinua mzigo wa kilo 140 hivi. Mikono ya mzazi, hata iwe na mapenzi kiasi gani, haiwezi.

Kwa hiyo twawasihi madereva wa magari makubwa waache nafasi ya kutosha nyuma ya pikipiki, na zaidi wakati wa mvua. Mwendeshaji na abiria wa bodaboda wavae kofia ngumu na kuzifunga kidevuni, kwa kuwa utando laini wa ndani hurefusha muda wa kichwa kusimama na hivyo kupunguza kani. Mtoto naye aketi katika kiti kinachomfaa, akiwa amefungwa mkanda, hata safari iwe fupi namna gani.